Kipimajoto Kwenye Sigiri ya Mama

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Siku kubwa. Dk. Nabalayo amekuja shuleni kutoka maabara yao ya Bugolobi. Ni mwanakemia. Yeye na wenzake hukusanya maganda ya ndizi za matoke sokoni Kalerwe, huyakausha, huyachoma kwa hewa kidogo, kisha huyagandamiza kwa uji wa muhogo yawe makaa. Mti haukatwi. Ganda halitupwi. Alisema kemia nzuri ni ile isiyomwachia jirani uchafu. Nimeandika hilo.

Sisi sita wa klabu ya sayansi tumepewa kila mmoja jiko jipya, gunia dogo la makaa ya maganda, mizani ya kuning'iniza, daftari na kipimajoto. Kipimajoto ni kidude cha chuma, ukubwa wa kifuniko cha soda, chenye waya mfupi. Kimebandikwa ubavuni mwa jiko kwa utepe wa rangi ya fedha. Kila dakika kumi kinajiandikia joto chenyewe. Kazi yetu ni kupima makaa na kuandika nyumbani wamepika nini, saa ngapi, kwa jiko lipi. Hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Sasa jambo lenyewe. Mmoja wetu atachaguliwa kufanya kazi maabara wakati wa likizo ya Agosti. Wiki tatu. Koti jeupe. Jina lake litaandikwa kwenye ripoti. Chini kabisa, lakini litaandikwa.

Lazima niwe mimi. Nimejaribu sahihi: Dk. Lamwaka. Inapendeza. Nukta ya baada ya Dk. inahitaji mazoezi.

Mpinzani ni mmoja tu, Dolphine Akoth. Mama yake anauza mapazia Nakivubo. Walihamia hapa kutoka Kisumu. Dolphine ana akili, lakini mwandiko wake ni nyayo za kuku aliyekimbizwa. Wale wengine wanne waliingia klabu kwa sababu ya biskuti.

Dk. Nabalayo alituonya tuandike kilichotokea, si tulichotamani kitokee. Nimelipigia mstari mara mbili, kwa rula.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Mama alijaribu jiko jipya jioni. Chai ilikwenda vizuri. Moshi hakuna. Mama hakufuta macho hata mara moja.

Kisha kwon. Kwon ni ugali wa ulezi wa kwetu Acholi, na haukorogwi, hupigwa mweleka. Mama hukaa kwenye kigoda, hushika mwiko kwa mikono miwili na kusukuma kwa mgongo mzima. Jiko jipya ni refu na jembamba kama askari wa gwaride. Mama akasukuma, jiko likasogea. Akasukuma tena, likasogea tena. Kufikia katikati ya kazi walikuwa wametoka verandani na kukaribia kamba ya nguo ya jirani yetu, Mama Abwola. Mama Abwola akawauliza kama wanaenda mbali.

Mama alirudi akatoa sigiri yake ya zamani, ile pana, nzito, iliyopasuka upande mmoja. Akaijaza makaa ya miti. Alisema jiko ni zuri ila halina makalio.

Nimeandika katika daftari: Jiko limepokelewa vizuri. Kwon umepikwa. Yote mawili ni kweli, yakiwa kwenye mistari tofauti.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Mpango wa Kwanza: wali. Wali hausongwi. Wali hukaa wenyewe juu ya jiko kwa adabu. Nilimwambia Mama kwamba nina hamu ya wali. Jumatano tukala wali kwa jiko jipya. Kipimajoto kikapata joto, nami nikapata furaha.

Leo nilisema tena nina hamu ya wali. Baba akaweka kijiko chini. Baba ni koplo wa trafiki, Koplo Okeny. Alisema wali ni chakula cha wageni na wagonjwa. "Mimi nasimama pale mzunguko masaa nane. Mtu hawezi simamisha lori na mchele ndani ya tumbo." Akauliza nani mgonjwa humu. Nikasema hakuna. Akauliza mgeni yuko wapi. Nikatazama mlangoni.

Kwon umerudi. Sigiri ya zamani imerudi nao.

Mpango wa Kwanza umefanya kazi siku moja kati ya mbili. Asilimia hamsini. Kuna wanasayansi walioanza na chini ya hapo.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Habari njema sana. Dolphine ananiambia kwao jiko halitumiki tena. Alisema bila aibu yoyote, akitafuna muwa: "Wewe Lamwaka, yetu imekuwa stuli ya mtungi. Mamangu anasema hiyo ni jiko ya bachela."

Nilimwomba anionyeshe daftari. Ameandika kweli. Jiko halijawashwa leo. Jana pia. Mama amewekea mtungi. Halafu kasoro nne za siku ya kwanza walipolijaribu, kwa ule mwandiko: linayumba, kimlango cha majivu kinachoma vidole, makaa yanachelewa kushika moto asubuhi, sufuria ya watu saba haikai. Hata doa la chai limo.

Nilimhurumia. Nilimshauri, kama rafiki, aendelee hivyo hivyo.

Leo ni Ijumaa, Baba alikwenda msikitini. Nilimwomba aniombee. Akauliza aombe nini. Nikasema mafanikio ya sayansi. Jumapili nitakwenda kanisani na Mama kuomba jambo hilo hilo. Nyumba yetu ina faida hiyo.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Mpango wa Pili. Mama alikwenda Kalerwe kununua mboga, Baba yuko kazini. Saa nane mchana nikawasha jiko jipya bila kitu juu yake. Kipimajoto kinataka joto. Hakijauliza habari za sufuria. Nikalijaza hadi juu ili joto lionekane kutoka mbali.

Sikujua kwamba makaa ya maganda yana subira hivi. Saa tisa yalikuwa mekundu. Saa kumi mekundu. Nilikusudia yazime kabla Mama hajarudi. Nilipepea nikitaka yaishe haraka. Yakazidi.

Mama akarudi saa kumi na robo. Alisimama na mzigo wa mboga ya boo kichwani, akatazama jiko linalounguruma peke yake uani. Akaniuliza nampikia nani. Nikasema nalipasha moto. Akasema jiko lenyewe ndilo la kupasha moto wengine. Kisha akaleta sufuria ya maharage, yale magumu, akaiweka juu. Yakaiva bila kuongezwa hata kaa moja. Mama alishangaa, akasema kwa maharage jiko hili ni dawa.

Sikuandika hilo, kwa sababu mstari wa leo nilikuwa nimeujaza tangu asubuhi: Chakula cha mchana, jiko jipya, makaa gramu mia tatu. Kufuta kungechafua ukurasa.

Jumatatu, tarehe 21 Julai

Gunia la makaa ya maganda limekwisha. Kwa mujibu wa daftari langu limebaki zaidi ya nusu. Nimelipima tena. Gunia linang'ang'ania msimamo wake.

Bila makaa jiko jipya haliwezi kuwashwa. Bila joto kipimajoto kitasema tumelala njaa siku nne, na Dolphine mwenye jiko la kuwekea mtungi atakuwa sawa na mimi.

Mpango wa Tatu ulinijia katika somo la Jiografia. Ni rahisi mno, sijui kwa nini sikuuona mapema. Kipimajoto hakijui kimebandikwa wapi. Nitakitoa kwenye jiko jipya, nikibandike chini ya sigiri ya Mama, ambayo huwaka kila siku bila kuombwa. Mama hatabadilisha chochote. Baba atakula kwon wake. Joto litaandikwa. Kila mtu atapata haki yake.

Kwenye jiko jipya kuna kibandiko kilichoandikwa kwamba hicho ni kifaa cha utafiti. Hicho nimekiacha. Kimeshika sana.

Jumanne, tarehe 22 Julai

Naandika haya nikiwa nimekaa upande mmoja.

Saa moja kasoro robo jioni Mama alikuwa anasonga kwon. Sajenti Obita wa nyumba ya nne akaja na koleo kuomba kaa la moto, kama majirani wa kambi yetu wanavyofanya kila jioni. Mama akamwambia ajichukulie. Akainama. Hakuinuka upesi. Akaweka koleo chini polepole sana, akamwambia Mama kwa sauti ndogo aache mwiko na aondoke.

Mama akasema kwon haujaiva.

Sajenti Obita aliwahi kufanya kozi ya siku tatu kuhusu vitu vya kutiliwa shaka. Alichokiona chini ya sigiri ya koplo wa polisi, ndani ya kambi ya polisi, ni kidude cha chuma chenye waya, kimefichwa na kubandikwa kwa utepe. Akamwambia Mama tena. Mama akauliza ni nani atakula uji. Ikabidi Baba amwinue pamoja na kigoda.

Nyumba ishirini na mbili zikatolewa nje. Watu wote wakasimama uwanja wa gwaride, wengine na vijiko mkononi. Nyuma yetu chakula cha kambi nzima kikaanza kunukia, kisha kikaanza kunuka. Sajenti Obita akarudi na ngao na mti mrefu wa kamba ya nguo za Mama Abwola, akaiangusha sigiri upande, akamwagia kidude ndoo tatu za mchanga.

Mimi nilijua ni nini. Nilipima mambo mawili. Nikisema, Mpango wa Tatu umekwisha na nafasi yangu nayo. Nikinyamaza, labda watachoka waende kulala. Nikanyamaza kwa dakika arobaini. Nilinyamaza hadi niliposikia wanataka kuita wataalamu wenye mbwa. Hapo nikamnong'oneza Baba.

 Baba akavuka uwanja peke yake, akiwa bado na kofia ya kazi, akamwambia Sajenti Obita mbele ya watu wote: "Afande, hiyo ni kitu ya shule."

Nyumba ishirini na mbili zimekula mkate.

Jumatano, tarehe 23 Julai

Baba aliniamuru nipite kila mlango kuomba radhi. Nimeanza saa kumi, nimemaliza saa kumi na mbili. Wengi walikuwa wema. Mama Abwola alinisamehe, ila akauliza leo kwetu tunapika nini, ili ajue kama avae viatu kabisa.

Sajenti Obita alinifanya niandike taarifa rasmi kwa faili yake. Niliandika kurasa mbili. Akasema kwa miaka kumi na sita ya kazi hajapokea taarifa yenye mwandiko safi kama huu. Nilifarijika.

Kipimajoto hakikudhurika. Nimekipangusa mchanga na kukirudisha kwenye jiko jipya. Ukikitazama huwezi kujua.

Mama hajanisemesha tangu jana. Leo amepika kwa sigiri ya zamani, ambayo sasa imepasuka pande zote mbili.

Ijumaa, tarehe 25 Julai

Dk. Nabalayo amekuja nyumbani kuchukua kipimajoto na daftari. Nilikuwa nimelipanga jiko katikati ya veranda na kuweka birika juu yake.

Akamuuliza Mama kama amelipenda. Nilimtazama Mama kwa jicho la kumwomba. Mama akaniuliza kama nimeingiwa na kitu jichoni. Kisha akamgeukia mgeni na kumwambia kila kitu: chai sawa, maharage dawa, kwon haiwezekani. Akasema halina makalio. Mbele ya mtu mwenye shahada tatu.

Dk. Nabalayo hakukasirika. Aliomba aonyeshwe. Mama akamwazima kigoda na mwiko, akaazima makaa kwa Mama Abwola. Dk. Nabalayo akavua saa, akaanza kusonga. Mama alikuwa akimwambia: "Sukuma, daktari. Hapana kubembeleza. Huu si uji ya mtoto." Dk. Nabalayo akasukuma. Jiko likaanguka, na kwon ukamwagikia viatu vyake.

Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akakaa sakafuni na viatu vile vile, akaandika kwa zaidi ya saa nzima. Alimuuliza Mama miguu ya jiko iwe na upana gani, na Mama akampimia kwa shubiri. Aliuliza sufuria ishikwe wapi. Aliuliza habari za maharage mara tatu. Mimi hakuniuliza kitu. Alichukua daftari langu akasema limepangwa vizuri sana. Alilisema mlangoni, akiwa tayari amefungua ukurasa wa Jumamosi.

Jumanne, tarehe 29 Julai

Matokeo.

Dk. Nabalayo alionyesha michoro ya joto ukutani, nyumba kwa nyumba, bila majina. Nyumba ya kwanza ilikuwa na joto siku moja, kisha mstari ulionyooka: jiko halijawashwa tena. Alisifu. Nilidhani anatania.

Kisha nyumba namba tatu. Jumamosi, joto kali kuanzia saa nane mchana hadi jioni, na daftari linasema gramu mia tatu. Alisema kwa gramu mia tatu makaa hayo yangepaswa kupewa nishani. Halafu Jumanne, joto linapanda kwa namna ya makaa ya miti, ghafla linashuka kana kwamba limezikwa. Akauliza darasa ni nyumba gani inayopika dakika ishirini kisha inafukia jiko mchangani.  Dolphine alitazama dari kwa heshima.

Mwalimu Ogwal, mlezi wa klabu, akatangaza jina. Dolphine Akoth. Kwa sababu ya kasoro nne na doa la chai.

Dolphine alinishukuru kwa kunitia moyo siku ile ya muwa. Alimaanisha. Nilisema si kitu.

Baadaye Dk. Nabalayo aliniita pembeni. Alisema jiko bovu linaweza kutengenezwa, lakini namba ya uongo huwezi hata kujua uanzie wapi kuitengeneza. Alisema miezi miwili ya kazi yao ingeweza kujengwa juu ya Jumamosi yangu. Alisema kwa upole, na hapo ndipo ilipouma. Nilimuuliza Mwalimu Ogwal kama mwandiko ulihesabiwa. Alisema wangu ulikuwa bora kuliko wote sita. Tatizo lilikuwa namba tu.

Nilipofika nyumbani, barua ilikuwa imetangulia. Maabara ya Bugolobi inamwalika Mama, siku mbili kila wiki hadi mwisho wa Agosti, awasaidie kuunda jiko linalosongeka. Atapewa koti jeupe. Mama aliniuliza kama koti hilo hufuliwa pamoja na nguo nyingine.

Nilimjibu. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kwa muda.

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Mama alirudi Alhamisi akiwa na mengi ya kusimulia. Dolphine anapima majivu. Wahandisi wawili wenye ndevu walisonga kwon, na Mama akawaambia wote wawili hawajaoa. Jina la Mama litakuwa kwenye ripoti. Si chini kabisa. Baba amelisimulia jambo hilo mzunguko wote, pamoja na madereva aliowasimamisha.

Niko sawa. Nimetafakari sana, na leo kanisani kila kitu kikawa wazi.

Kosa langu lilikuwa kuwaonyesha watafiti jiko linalofanya kazi. Hawataki hilo. Wanataka kasoro. Dolphine alipeleka kasoro nne akapata koti. Mama alipeleka moja tu, ila kubwa, akapata koti na barua. Mimi nilipeleka mafanikio matupu, tena kwa mwandiko mzuri, nikaambulia milango ishirini na miwili.

Mwalimu Ogwal amesema kuna jaribio la pili, na nafasi nyingine moja katika likizo ya Desemba. Wametupa madaftari mapya, hata mimi. Alinitazama kidogo kabla ya kuliachia langu.

Safari hii sitarudia kosa. Nimeketi tangu mchana na rula na kalamu mbili. Nimeandika kasoro kumi na moja, kila moja na tarehe yake, saa yake na uzito wa makaa, na nimeacha nafasi ya nyingine tatu. Ya sita inahusu mguu uliolegea, ni nzuri sana. Ya tisa nusura initoe machozi.

Jiko lenyewe wanalileta Jumatano.